Joho la Kutoonekana Mbele ya Bodi

Umma unatangaziwa, kwa furaha isiyo na mfano, kwamba nchi sasa ina Kitengo cha Kudhibiti Uchawi wa Kwenye Filamu, na kwamba mimi ndiye katibu wake. Wapo wenye husuda wanaosema kitengo hiki hakina kazi. Hao wajue kwamba tangu kiundwe, hakuna raia hata mmoja aliyegeuzwa chura.

Filamu ya kwanza kuletwa kwetu ilikuwa ya dada mmoja mwongozaji. Ndani yake, wezi wanne wanapanga kumwibia mfalme jitu kiti chake cha enzi. Jitu linasimama kujisifu mbele ya watu wake. Kiongozi wa wezi anajifunika joho la kutoonekana, ananyata, anakivuta kiti, anatokomea nacho. Jitu linaketi hewani. Bodi nzima ya kitengo ilicheka mpaka machozi, jambo lililotutia wasiwasi mkubwa. Tukamwita mwongozaji, aje na joho lenyewe.

Alikuja na kaka yake, aliyecheza kiongozi wa wezi.

"Shikamoo, mzee," dada alimwamkia Mwenyekiti wetu.

"Marahaba. Joho hili linafanya kazi?"

"Halifanyi, mzee. Ni pazia la shangazi yetu. Kutoonekana tunakutengeneza kwenye kompyuta."

"Wote husema hivyo. Kisheria, uchawi unahesabiwa unafanya kazi mpaka ithibitike vinginevyo."

"Mzee, nakuomba. Aliyecheza jitu ni baba yetu. Sasa yuko kitandani, hata kugeuka hugeuzwa. Kila nikiingia chumbani swali ni moja: 'Wamekubali?' Anataka ajione mara moja tu kabla hajatutoka."

"Jitu litasubiri utaratibu," alisema Mwenyekiti, akalitwaa pazia, akajifunika gubigubi. Lilikuwa na maua makubwa mekundu. Chini vilitokeza viatu vyake, na juu kidogo kitambi chake.

"Mnaniona?"

Hapa sina budi kufafanua. Ofisini kwetu, swali la Mwenyekiti si swali. Mjumbe wa mwisho aliyelijibu kwa ukweli alihamishiwa stoo, na stoo yetu haina dirisha. Nilimtazama mwanasheria wa bodi. Naye akaitazama dari.

"Hatukuoni, mzee," nikasema.

"Hatukuoni kabisa!" wajumbe wakaitikia.

"Na wewe, binti?"

"Mimi nakuona, mzee. Hata kamba ya kiatu imefunguka."

"Bila shaka. Mganga hafichiwi kitu na dawa yake mwenyewe."

Tukatikisa vichwa. Hoja ilikuwa nzito. Yule kaka alibana midomo kama mtu aliyemeza nyuki, lakini dada yake akamfinya. Kisha nikaona uso wa dada ukibadilika, ukawa mpole ghafla.

"Basi mzee, mimi ni nani hata nibishane na bodi nzima? Huenda shangazi alitufichia mambo. Ila ukienda popote nalo, usikohoe."

Mwenyekiti hakuhitaji kusukumwa. Alitangaza kwamba atafanya jaribio katika mazingira halisi, yaani ofisini kwa Waziri, ghorofa ya juu. Kiti cha Waziri, cha ngozi na magurudumu, alikuwa akikimezea mate tangu enzi za waziri aliyepita. Akaniamuru nimfuate kama shahidi.

Dada wa mapokezi alituona akainamia simu yake. Mlinzi wa ngazini aliruka wima akapiga saluti.

"Amekusalimu wewe," Mwenyekiti alininong'oneza kwa furaha.

Mlinzi yule hajawahi kunisalimu maishani, lakini mimi si mtu wa kubishana na sayansi.

Waziri alikuwa amesimama mbele ya waandishi wa habari, akizungumzia uwazi. "Serikali hii haina cha kuficha!" alinguruma. Nyuma yake, pazia la maua lilinyata, likashika kiti, likaanza kukivuta. Gurudumu moja likalia kwii, kwii. Kamera zote ziligeukia huko. Waziri, akidhani hotuba imewakolea, akapandisha sauti, akamalizia kwa kupiga meza, kisha akaketi.

Kishindo kilisikika mpaka mapokezi.

"Mwenyekiti!" Waziri alifoka kutoka sakafuni. "Unapeleka wapi kiti changu?"

Mwenyekiti aliganda mlangoni, ameshika kiti, amebana pumzi. Kisha akaninong'oneza, "Mwambie sipo."

"Mheshimiwa," nikasema, "Mwenyekiti hayupo."

Jioni ile picha zilikuwa kwenye kila simu. Mwenyekiti amesimamishwa kazi kwa kosa la kutaka kunyakua kiti, na wakili wake anapata shida kueleza ni kwa maana ipi. Wajumbe wote tuko chini ya uchunguzi, hivyo hakuna aliyebaki wa kuipiga filamu marufuku, na isiyopigwa marufuku imeruhusiwa. Ukumbi ulifurika. Watu walitaka kulinganisha. Kaka mtu alimbeba baba yake mgongoni mpaka kiti cha mbele, na mzee alipojiona akianguka, alicheka mpaka ukumbi mzima ukanyamaza kumsikiliza.

"Nimeanguka vizuri kuliko Waziri," akasema. Watu wakampigia makofi wamesimama. Naambiwa siku hizi anaomba uji mwenyewe.

Kuhusu sisi, tume ya uchunguzi ilituuliza kwa nini hatukumzuia mtu aliyejifunika pazia mchana kweupe. Tukajibu kwa kauli moja kwamba hatukumwona. Tume ikatupeleka hospitali kupimwa macho: atakayekutwa haoni atastaafishwa kwa heshima, na atakayekutwa anaona atashtakiwa kwa kula njama.

Majibu yangu yametoka leo asubuhi. Daktari alinipa mkono wa pongezi, akasema kwa umri wangu hajawahi kukutana na macho mazima kama haya.

Nimemwomba, kwa unyenyekevu mkubwa, arudie kipimo.