Baraza la Mwanafunzi Mmoja

Napenda kuwatangazia Waswahili wote wa Durban, kuanzia Umbilo hadi Cato Manor, pamoja na wale wa Pinetown ambao hawahudhurii vikao lakini umbea huwafikia, kwamba Baraza la Kudumu la Kusimamia Masomo ya Uhandisi Mitambo Ughaibuni limemaliza mwaka wake wa kwanza, 2013, kwa mafanikio makubwa. Wajumbe wa Baraza ni kumi na mmoja. Wanafunzi wanaosimamiwa ni mmoja. Uwiano huu haujafikiwa na taifa lolote lililoendelea, na hatuoni sababu ya kuona haya.

Mimi ni Nasibu, Katibu Mkuu wa Baraza. Wapo wenye midomo wanaosema kwamba mimi ni mlinzi wa magari pale kwenye maegesho ya Umbilo Road. Sikatai. Mchana nasimamia magari, jioni nasimamia uhandisi. Yote ni mitambo.

Baraza lilizaliwa Februari, wiki ileile tuliposikia kwamba Estella Nimbona, binti wa Mama Godelive muuza mboga, amefika mwaka wa mwisho wa uhandisi mitambo katika chuo kikuu kimoja cha hapa mjini. Binti huyu aliletwa kutoka Burundi akiwa mdogo, akakua, akaingia chuo, akasoma miaka miwili mizima bila kumwomba mtu yeyote kibali. Mwenyekiti wetu, Injinia Machano, aliumia sana.

"Mtoto wa watu anasoma mashine ugenini, hana hata kamati!" alisema. "Leo akifeli, atafeli kwa mujibu wa nani?"

Hapo lazima nimweleze Injinia Machano. Ni mtu wa Unguja, anauza mapazia na mablanketi mjini, na mwaka 1986 alipelekwa Ulaya ya Mashariki kusomea uhandisi mitambo, kwenye baridi ambayo yeye mwenyewe husema ilikuwa ikigandisha salamu mdomoni. Cheti chake hatujakiona. Kwetu hakuna mwenye adabu anayemwomba injinia cheti. Ukishaitwa Injinia misibani na harusini kwa miaka zaidi ya ishirini, ukakaribishwa mbele, ukapewa kiti chenye mto, hiyo ni digrii, na anayebisha basi anamchukia mtu.

Chuo cha Estella kina sharti moja la ajabu. Hakimpi mtu stashahada ya mitambo mpaka awe ameigusa mitambo. Kwa hiyo binti alikwenda kufanya mafunzo kazini kwenye karakana ya Vénérand, Mrundi mwenzake anayetengeneza giaboksi na pampu kule Pinetown. Kila siku aliandika kitabuni kazi aliyofanya na saa alizotumia. Ukurasa wa mwisho una mistari miwili tu: wa juu anatia saini mwanafunzi, wa chini anatia saini msimamizi wake. Ukifuta chochote katika ukurasa huo, kitabu kizima ni batili. Kitabu kilitakiwa chuoni Ijumaa tarehe 29 Novemba, saa sita mchana. Bila kitabu hakuna stashahada, binti anarudia mwaka, na kazi aliyoahidiwa Januari kwenye kiwanda cha pampu inakwenda kwa mtu mwingine.

Sisi kitabu hicho tulikichukua mwezi Oktoba kwa ajili ya uhakiki. Uhakiki wetu una hatua tatu: kupokea, kuthibitisha kwamba tumepokea, na kukumbushana kwamba tulithibitisha. Tulikuwa tumefika hatua ya pili na nusu pale Estella alipoingia ofisini kwetu, nyuma ya saluni ya Umbilo Road, Alhamisi jioni, amevaa ovaroli.

"Papa Secrétaire, kitabu yangu iko wapi? Kesho midi ndio mwisho."

"Binti, kitabu kiko kwenye mchakato."

"Mchakato iko wapi? Niende kukichukua mwenyewe."

"Mchakato si mahali."

"Eish, Papa. Basi kitabu iko wapi?"

Kilikuwa chini ya mguu wa meza, kwa sababu meza ya Baraza inayumba. Nilimweleza kwamba kwa wiki sita kitabu chake kilikuwa kimebeba shughuli zote za taasisi. Hakushukuru. Alipiga magoti, akakichomoa, akakipangusa vumbi kwa mkono wa ovaroli, na meza ikainama upande wa kusini.

Wakati huohuo Mwenyekiti akaingia.

"Kinakwenda wapi hicho bila saini?" aliuliza.

"Papa Vénérand ananingojea Pinetown, atie saini," alisema Estella. "Ni yeye alinisimamia."

"Vénérand ni fundi, mwanangu. Kitabu cha uhandisi kinatiwa saini na injinia. Lete."

Alikiweka juu ya ile meza iliyoinama, akafungua ukurasa wa mwisho. Hakuusoma. Kiongozi mkubwa hasomi anachotia saini, anaangalia nafasi tu. Akaona mistari miwili, mmoja juu na mwingine chini, akaushusha mkono kwenye ule wa juu.

"Papa, hapana!" Estella alimshika mkono wa koti. "Apo ni pangu, pa mwanafunzi. Pa msimamizi iko chini."

Mwenyekiti alimtazama kama mtu aliyetukaniwa ukoo.

"Wewe bint, tangu lini mwenyekiti akakaa chini ya mwanafunzi? Hebu niambie, ni kikao gani hicho? Ni harusi gani hiyo?"

Hata mimi, kwa unyenyekevu, nilimkumbusha binti kuhusu itifaki. Mkubwa huanza. Mkubwa huanza kula, huanza kusema, huanza kupigwa picha. Sembuse saini? Mwenyekiti akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa kwenye mstari wa juu, akatia saini yenye vitanzi vitatu na mkia, nami nikagonga muhuri pembeni, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza haukutoa wino.

"Sasa na wewe tia ya kwako hapo chini," alisema. "Bila hivyo kitabu hakitoki mlangoni."

Binti aliitazama saa ya ukutani. Aliutazama mlango. Machozi yakamlengalenga, nami nikayaandika kwenye kumbukumbu za kikao kuwa ni ya furaha. Kisha akatia saini.

Kitabu kiliwahi chuoni Ijumaa, na Jumanne iliyofuata simu yangu iliita nikiwa naongoza pikapu moja, bakkie kama waiitavyo huku, irudi nyuma. Alikuwa mwalimu wa Estella, Daktari Moodley. Namba yangu aliipata kwenye muhuri.

"Bwana Katibu," alisema kwa Kiingereza, nami nayaleta hapa kwa Kiswahili, "kwa mujibu wa ukurasa huu, Bwana Machano amefanya saa mia sita na arobaini za mafunzo chini ya usimamizi wa Estella Nimbona. Ni kweli?"

"Daktari, kila kinachotoka ofisini kwetu ni kweli."

Bakkie ikagonga pipa la taka.

"Nisikilize vizuri," alisema. "Mimi namjua mwanafunzi wangu. Nadhani mtu alitia saini mahali pasipo pake. Niandikieni barua ya mistari miwili, kwamba mwenyekiti alikosea mstari, na suala litaisha leo. Bila barua, kwenye karatasi Estella ni msimamizi, na chuo hakitoi stashahada kwa msimamizi."

Tuliitisha kikao cha dharura. Nilipekua mafaili yote. Tulikuwa na kiolezo cha barua ya pongezi, cha rambirambi, cha karipio na cha onyo la mwisho. Cha kukiri kosa hakikuwepo, na kuandika barua bila kiolezo ni kuhatarisha taasisi. Verediana, mweka hazina wetu, mwanamke wa Bukoba asiyejua kuzunguka na maneno, alisema, "Si mistari miwili tu? Leteni kalamu niandike mimi, mtoto apate karatasi yake." Tukamwandika kwamba hakuhudhuria.

Ndipo Estella, tuliyekuwa tumemkalisha nje kama mada, akaingia bila kuitwa.

"Papa Président, minakuomba. Nimesoma miaka tatu. Mama anauza mboga ku jua, mvua ikinyesha anaketi mu mvua. Mimi sitaki mtu apate haya. Ninataka tu ile mistari mbili."

Nakiri kwamba nilimwonea huruma, lakini huruma haikuwa kwenye ajenda.

Mwenyekiti alivua miwani, akaivaa tena. "Kuandika siandiki," alisema. "Nitamwona huyo Daktari mimi mwenyewe. Tutaelewana, injinia kwa injinia."

Daktari Moodley alikubali haraka kuliko tulivyotarajia. Alisema tukutane Ijumaa kulekule Pinetown, kwenye karakana, na saini tungeiacha kitabuni kama ilivyo. Mwenyekiti alikuja na suti ya kijivu na tai. Vénérand alitupokea akiwa na grisi hadi viwikoni, akatunyooshea kiwiko tukishike badala ya mkono. Juu ya meza ya chuma, mbele ya Estella, palikuwa na giaboksi moja, kubwa kama mtungi wa maji.

"Karatasi inasema mmoja wenu ni msimamizi, na mwingine ni mwanafunzi," alisema Daktari Moodley, mwanamke mfupi mwenye viatu vya usalama. "Mimi naamini karatasi. Bwana Machano, giaboksi hii inalia. Kwa nini?"

Mwenyekiti aliizunguka mara moja. Akaizunguka tena upande wa pili. Akakohoa.

"Kwanza niipongeze karakana kwa kuwa na giaboksi," alianza. "Pili, changamoto ya kulia ni mtambuka, na inahitaji kushirikisha wadau wote."

"Wadau gani?"

"Wa ndani," alisema Mwenyekiti. "Na wa nje."

Vénérand aligeuka kuutazama ukuta, mabega yakimtikisika. Daktari akamwashiria Estella.

Binti hakuizunguka. Aliweka kiganja juu yake, akauzungusha mhimili kwa mkono mwingine taratibu, ameinamisha sikio. "Beringi ya nyuma imekufa," alisema. "Na mtu aliweka oyili nzito sana, ndio maana mwanzoni haikusikika." Akachukua spana, akafungua bolti moja baada ya nyingine, akazipanga kwa mduara kama zilivyokuwa zimekaa ili zisichanganyike. Kabla sijamaliza kuandika tarehe kwenye daftari langu, kifuniko kilikuwa wazi, na beringi ilikuwa kiganjani mwake, imeliwa upande mmoja.

Mwenyekiti alisogea. Akainama mpaka tai ikaingia kwenye mafuta, naye hakuitoa. "Inageukaje hii?" aliuliza. Estella akamwonyesha. "Na hii kubwa inaisukuma ile ndogo?" Estella akamwambia hapana Papa, ndogo ndiyo inaisukuma kubwa. Akauliza tena, akajibiwa tena. Sijawahi kumsikia akiuliza maswali mawili mfululizo kwa kutaka jibu tangu nimjue.

Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Mimi kule nilisoma lugha yao tu, miezi mitano. Baba akafariki, nikarudi kuzika. Mashine sikuwahi kuzifikia. Watu wakaanza kuniita Injinia palepale makaburini, nikaona si adabu kuwakatisha."

Kwenye kumbukumbu niliandika kwamba sauti haikusikika kwa sababu ya kelele za mashine. Mashine zote zilikuwa zimezimwa. Nilijisikia vibaya, tena sana, maana hata mimi nilikuwa nimemwita Injinia kwa miaka tisa, na hakuna hata siku moja aliyoniomba nimwite hivyo.

Daktari Moodley alifanya mambo yake haraka. Vénérand akatumwa kituo cha polisi, ambako huku ndiko watu huapishwa, kula kiapo kwa maandishi kwamba yeye ndiye aliyemsimamia binti, Daktari akaongeza kwa mkono wake kwamba ameona kwa macho, akatia saini, na Estella akapita. Mama Godelive alipopigiwa simu alipiga vigelegele hadi tuliokuwa mbali na simu tukavisikia.

"Limebaki moja," alisema Daktari. "Bwana Machano yupo kwenye ukurasa, na kufuta haturuhusu. Ameandikishwa kuwa mwanafunzi, kwa hiyo msimamizi wake lazima aandike maoni." Akampa Estella kalamu.

Binti aliona haya. Alimtazama Mwenyekiti, Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Akaandika mstari mmoja na nusu.

Kwa mujibu wa kanuni zetu, maoni yote yanayohusu kiongozi husomwa mbele ya mkutano mkuu. Kanuni hiyo niliitunga mimi, nikidhani maoni yatakuwa mazuri. Jumapili, mbele ya watu sitini na wawili, nikasimama na kusoma: "Mwanafunzi anaelewa upesi akinyamaza. Kwa sasa asiguse kitu chochote kabla hajauliza."

Watu walicheka mpaka mtu mmoja akatoka nje kutafuta pumzi. Verediana akanyoosha mkono. Nilimwambia kwamba kwenye orodha hajahudhuria. Akasema sawa, basi anauliza akiwa hayupo: je, maoni hayo hayawezi kutumika kwa Baraza zima?

Hoja ikaungwa mkono kabla sijaikataa. Tukapiga kura. Waliosema hapana walikuwa wajumbe tisa wa Baraza, nikiwemo mimi. Waliosema ndiyo walikuwa wote waliobaki, na wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Mwenyekiti, ambaye alichelewa kufika kwa sababu Vénérand alikuwa amempa karakana nzima aifagie.