Salio la Mwalimu Hezron

Hezron aliiona riziki yake stendi ya Tukuyu, akila chapati ya mkopo: wakulima wa Kyimo walikuwa wameuza parachichi, na kila mmoja alitafuta namna ya kuzizalisha hela zake bila jembe. Yeye alikuwa na kompyuta chakavu na somo moja tu kichwani, maana kwenye kozi ya programu za kompyuta kule Mbeya alitimuliwa siku ya pili kwa kutolipa ada. Somo lenyewe lilikuwa jinsi ya kuunda akaunti ya benki ya mfano ndani ya kompyuta. Kwa mwenye kipaji, somo moja ni chuo kizima.

Wiki ile ile akafungua darasa nyuma ya mgahawa wa Mama Esnath, ada elfu hamsini. Wakaja kumi na wanne. Ili wasiwe na wasiwasi, akaagiza ada zote azishike Mama Esnath, ambaye hata mchungaji humwachia funguo za sadaka. Moyoni akajipongeza kwa kupata chambo safi.

Kufundisha, tuseme haki, alifundisha vizuri. Alisema mchoro ni mmoja, kama ramani ya fundi, lakini nyumba utajenga kadiri upendavyo. Vivyo hivyo mchoro mmoja wa akaunti utampa kila mwanafunzi akaunti yake, yenye jina lake na salio lake.

"Na salio halishikwi kwa mkono," akaonya. "Lina milango miwili tu: weka na toa."

Kisha akashusha sauti, akawaeleza kuwa Jumatatu akaunti zote zitaunganishwa na benki, na tarakimu zitageuka hela za kweli, kwa hiyo kila mtu aweke kiasi akipendacho. Jumatatu, bila shaka, yeye angekuwa Tunduma.

Mzee Andrea, muuza mbolea, akaweka milioni tisini, kisha akauliza kama anaruhusiwa kumfungulia na mbuzi wake. Mama Esnath, naye akiwa darasani, akaweka elfu nne na mia tano, akapapasa mfuko wa gauni, akakunja uso.

"Mwalimu, nimeziweka humo. Mbona bado ninazo?"

"Subiri Jumatatu, mama."

Hakuuliza tena, na Hezron akamwona mjinga.

Jumapili baada ya ibada, begi likiwa limeshafungwa, akaenda kuomba ada zake. Akalikuta darasa zima limekaa kama kwenye maombi. Mama Esnath akamgeuzia ile kompyuta chakavu, iliyokuwa imebaki darasani: mmiliki, Hezron, salio, laki saba.

"Nimekufungulia kwa mchoro ule ule, mwalimu. Zote zimo."

Hezron akacheka kidogo. "Mama, mimi nataka zile za kushika."

"Salio halishikwi kwa mkono. Ulitufundisha mwenyewe."

Alitaka kusema kuwa zile ni tarakimu tu. Akawatazama wale wanafunzi na mamilioni yao, wengine wanaume wa kubeba magunia, akaona neno hilo si la kusemwa pale. Ndipo akaona kona ya noti ya elfu kumi ikichungulia kwenye daftari la Mzee Andrea, na nyingine kwenye Biblia ya jirani yake. Kila mtu alikuwa amesharudishiwa chake. Laki saba zile alikuwa ameshazitumia kichwani mara mbili.

Akabonyeza toa. Salio likawa sifuri kwa adabu kabisa, na mezani hakikuanguka hata kipande cha karatasi.

"Basi nisaidieni hata nauli ya kufika Mbeya," akasema, na safari hii hakuwa anadanganya.

Mama Esnath akaivuta kompyuta, akaandika polepole kwa kidole kimoja, akamwekea elfu tano.