Mabata Bukini Hawana Kafili

Jumamosi, 3 Mei 2025

Ndani ya gari, nje ya duka la vitambaa. Madam alisema dakika tano. Hii ni saa ya pili. Kiyoyozi kinafanya kazi, simu ina chaji, na dunia imeharibika.

Skelbrough Town wamekimbiwa na mwenye klabu!

Niandike vizuri ili wajukuu waelewe. Skelbrough ni timu ndogo ya Uingereza, ya daraja ambalo hata Waingereza wenyewe hulisahau. Jezi yake niliipata kwenye mtumba, sokoni Kakamega, mwaka 2009. Kijani, bata bukini kifuani. Tangu siku hiyo sijaisaliti. Wenzangu wanashangilia timu zenye makombe, mimi nashangilia timu yenye bata. Miaka kumi na sita ya mateso, na sijutii hata mechi moja.

Sasa mwenye klabu amehamia kisiwa fulani, hashiki simu. Wachezaji hawajalipwa tangu Machi. Geti la uwanja lina kufuli. Nimesoma habari yote mara tatu na nimeielewa kuliko Mwingereza yeyote, maana ni mambo ya hapa hapa Saudia. Kafili, yaani mwajiri mdhamini, katoroka, ikama ya klabu, kibali cha kuishi, imeisha, vijana wamebaki nje na mabegi yao. Kinachohitajika ni kafili mpya. Halas, yamekwisha.

Na bei? Pauni moja! Imeandikwa. Shawarma ya kuku hapo kwenye kona inazidi hiyo.

Nani afaaye kuliko mimi? Uzoefu ninao. Mimi ni mwenyekiti, mweka hazina na mmiliki wa Nyota wa Bani Malik, timu ya madereva Wakenya wa Jeddah. Ijumaa tunakwenda Riyadh kucheza na Wakenya wa huko, mechi ambayo vijana wameisubiri mwaka mzima. Pesa za kukodi basi wamechanga wote. Ziko kwangu, salama kabisa.

Madam anakuja. Hajanunua kitu.

Jumapili, 4 Mei

Mpango wa kwanza: Baba, mwajiri wangu, mume wa madam. Nilimwomba awe kafili wa Skelbrough tukiwa kwenye taa nyekundu, mahali ambapo hawezi kushuka. Akauliza kama wanashinda. Nikasema hapana. Akauliza kama wamewahi kushinda. Nikasema 1987, kwa penalti. Taa ikawaka kijani. Akasema timu yake ya hapa Jeddah inamtosha kumpandisha presha, na yalla, niangalie barabara.

Mpango wa pili: mimi mwenyewe. Nimemwandikia msimamizi wa ufilisi wa klabu, huko London, kuomba kuhamishiwa ukafili. Nimeambatanisha nakala ya ikama yangu, pande zote mbili. Picha mbili za pasipoti. Cheti cha afya (damu safi, kifua safi). Na barua ya Baba ya mwaka juzi inayosema mimi ni dereva mwaminifu nisiyevuta sigara ndani ya gari. Hakuna karatasi iliyokosekana. Ofisi yoyote ya hapa ingenipa klabu kabla ya adhuhuri.

Hillary alinikuta nikiipiga picha ikama. Hillary ni dereva wa nyumba ya jirani na golikipa wetu. Mrefu, mpole, anaudhi. Akauliza kama nimeshalipia basi. Nikamwambia mambo ya utawala aachie utawala.

Jumatatu, 5 Mei

Nimejibiwa! Mtu mwenye adabu sana. Ameshukuru kwa cheti cha afya, anasema katika kazi yake hajawahi kupokea kitu kama hicho. Ila pauni moja inakuja na madeni ya milioni tisa. Milioni tisa! Jambo kama hilo huandikwa juu, si chini. Anaomba uthibitisho wa fedha. Nimemtumia tena barua ya Baba, nikiwa nimepiga mstari chini ya neno "mwaminifu".

Nikisubiri, nimegundua kitu kikubwa zaidi. Mashabiki wa Skelbrough wameunda chama wainunue klabu wenyewe. Anayechangia anapata cheti na kura moja. Mtu yeyote, popote duniani! Mtu mmoja kumiliki klabu ya Uingereza ni vizuri. Timu nzima ya madereva kumiliki klabu ya Uingereza ni historia! Nimewalipia vijana wote, nami nimo, vyeti kumi na vinne. Nimetumia pesa za basi, lakini kwa siku mbili tu. Wenye klabu hupata faida, na faida itarudi kabla ya Ijumaa.

Jioni, Balad, mji mkongwe, kwa Mzee Jabir mchonga mihuri. Wazazi wake walitoka Unguja mwaka sitini na nne na maneno yao yote wakaja nayo. Nilimwagiza muhuri. Alinitazama juu ya miwani. "Klabu ya Waingereza inakufa kwao, wewe wa Bani Malik wachonga muhuri? Mwanangu, weye hujambo kweli? Hebu kaa kitako unywe kahawa." Nilikaa, nikanywa. Kahawa nzuri, tangawizi nyingi. Muhuri nao mzuri: ELPHAS, MMILIKI, na bata pembeni. Bata amefanana kidogo na kuku.

Jumanne, 6 Mei

Mazoezini nimewatangazia vijana kwamba wao ni wamiliki wa klabu ya Uingereza. Shangwe! Walinibeba juu. Walinizungusha uwanja mzima. Sijawahi kupendwa hivyo tangu nizaliwe, na naandika hapa bila aibu kwamba machozi yalinitoka.

Kisha Hillary akauliza habari za basi. Walinishusha haraka, na si kwa upole.

Faida bado haijafika. Nilitafuta ushauri katika habari za Skelbrough, na huko nikakuta uchafu usiosemeka. Yule mwenye klabu, kabla ya kutoroka, aliuza uwanja kwa kampuni yake nyingine! Akauza mali ya timu kwa nafsi yake, kisha akaipangisha timu uwanja wake wenyewe! Nilitupa simu kwenye kiti cha nyuma kwa hasira. Mtu wa namna gani huyo?

Baada ya chakula cha mchana niliokota simu, nikasoma tena, polepole.

Kufikia saa kumi nilikuwa nimeuza mpira, nyavu na pampu ya Nyota wa Bani Malik kwa Kampuni ya Elphas na Wanawe. (Sina watoto. Ni mpango wa baadaye.) Kuanzia kesho kila mchezaji atalipa riyali tano kuugusa mpira. Pesa ya basi itarudi yenyewe. Nimepiga muhuri.

Jumatano, 7 Mei

Wamenipiga na malimau!

Mashabiki wa Skelbrough walitupa mipira ya tenisi uwanjani kumpinga mwenye klabu wao. Mimi mwenyewe niliwaonyesha vijana ile video, kwa fahari. Leo nimefika mazoezini na mpira kwapani, na kijisanduku cha riyali tano tano. Wamejipanga mstari mmoja. Bango la katoni: ELPHAS HALAS. Hillary akainua mkono. Kisha malimau, mfuko mzima. Kwa golikipa, Hillary ana mkono mzuri sana wa kurusha.

Wakaniletea karatasi. Vijana wote wamesaini kwamba wanahama kafili, wanatoka kwangu, wanakwenda kwa Selipher, mpishi wa nyumba yetu. Mwanamke! Hachezi hata! Hillary akasema, taratibu kabisa, kwamba karatasi bila muhuri haina nguvu. Ni kweli haina. Nikapiga muhuri.

Nilikuwa nimefika kwenye gari ndipo nikaelewa nilichokipiga.

Selipher ni dada mtu mzima wa Siaya. Amepika katika nyumba hii miaka tisa na hajawahi kuunguza hata kitunguu. Aliniita jikoni. Nilitegemea kelele. Alinipa chai. "Ndugu yangu Elphas," akasema, "hawa vijana wanafanya kazi siku sita. Hiyo mechi ndiyo kitu wako nayo. Sasa wewe umewachukulia hata hiyo." Niliosha kikombe. Nilijisikia vibaya. Kwa kweli nilijisikia vibaya karibu saa nzima.

Yeye hakukaa bure saa hiyo. Ijumaa usiku mpwa wa madam anaolewa Riyadh. Familia itapanda ndege, na Selipher pamoja nao, lakini vyombo vya harusi vitakwenda kwa basi: masinia, mabirika, mazulia, na kioo cha jukwaa la bibi harusi. Madam alikuwa akitafuta wapagazi. Selipher akamwambia anao vijana kumi na wanne, wenye nguvu, waaminifu, wanaotaka nauli tu.

Kumi na wanne, kumbe nimo! Nilimuuliza kama nakwenda kama kiongozi wa msafara. Akasema nakwenda kama mshika kioo.

Alhamisi, 8 Mei

Jeddah hadi Riyadh. Saa kumi na moja nzima njiani.

Kioo ni kirefu kuliko mimi na fremu yake ni ya dhahabu ya kupakwa. Hakilali, hakiegemei, kinashikwa. Vijana waliimba njia nzima, wakapiga masinia kama ngoma, wakala mayai ya kuchemsha. Mimi nilikaa kiti cha nyuma, nimekumbatia kioo, natazamana na Elphas.

Saa kumi na moja! Mtu hapati nafasi kama hiyo mara nyingi. Nilijitazama kwa makini tukipita Taif, nikajiuliza maswali magumu. Nilijitazama tena jangwani, ambako hakuna kingine cha kutazama. Mwisho, karibu na Riyadh, jibu likaja wazi kabisa.

Ni uso wa mwenyekiti. Hasa kwa upande wa kushoto.

Kioo kimefika kizima. Madam alisema shukran. Hillary alinipa yai lake la mwisho, sijui kwa nini.

Ijumaa, 9 Mei

Nani asemaye maisha ni magumu? Leo hapana!

Mechi ilianza saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua la Riyadh halijaamka vizuri. Uwanja wa vumbi nyuma ya maghala. Zawadi imefungwa kwenye nguzo ya goli: mbuzi, dume, mweupe, mwenye dharau. Kapteni wa Riyadh, Bonface, ni mlinzi wa ghala na ana mapaja kama magunia. Kabla ya mapumziko alikuwa ameshatufunga mawili.

Selipher alikuja kwa teksi, maana nyumba nzima ya harusi ilikuwa imelala. Alileta mandazi na maneno machache. Sikusikia aliyowaambia vijana, nilikuwa nashika bendera ya pembeni, cheo pekee nilichobakiziwa. Lakini walirudi uwanjani watu wengine kabisa. Moja. Mbili! Dakika ya mwisho, kona yetu. Hillary akatoka golini. Nilimpigia kelele arudi, arudi, ataua timu! Hakurudi. Aliruka juu ya Bonface akapiga kichwa, mpira ukapita juu ya mbuzi ukaingia.

Tatu kwa mbili!

Nilitupa bendera. Nilikimbia uwanja wote na jezi yangu ya bata, nikamrukia Hillary shingoni, nikambusu kipara. Nilikuwa nimeshambusu ndipo nikakumbuka kwamba simpendi. Tulianguka wote vumbini. Bonface mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Selipher alilia na kulaumu vumbi.

Na haikuishia hapo. Saa nne simu ikalia. Skelbrough imeokoka! Mahakama imekubali, klabu ni ya mashabiki. Nimepewa namba: mmiliki nambari 4,312. Nilisimama juu ya ndoo nikawasomea vijana namba zao, moja moja. Hillary ni 4,313. Aliomba nirudie yake.

Siku nzuri kuliko zote maishani mwangu. Nimesema.

Jumamosi, 10 Mei

Tumerudi Jeddah. Familia na Selipher wako Riyadh mpaka Jumatatu. Mbuzi yuko chumbani kwangu, karibu na geti. Ataliwa Ijumaa, Bani Malik nzima imealikwa. Hadi hapo nimekabidhiwa mimi, kazi yangu ni majani na maji tu. Hillary aliniapisha.

Somo nimelipata. Nalibandika hapa kwa herufi kubwa nisisahau: USIGUSE PESA ZA TIMU. Sitazigusa tena maishani.

Lakini mbuzi si pesa.

Asubuhi hii nimesoma kwamba klabu nyingine ya Uingereza, Thrapley Rangers, imekimbiwa na kafili. Jezi ina punda. Nimempenda punda papo hapo. Na mtu ambaye tayari ni mmiliki nambari 4,312 hawezi kukaa akiangalia punda anakufa.

Nimemgawanya mbuzi katika hisa. Zimekwenda haraka ajabu. Mguu wa nyuma wa kulia una wamiliki saba. Wa kushoto una tisa, Bonface akiwemo, kwa simu kutoka Riyadh. Ini limeuzwa mara mbili kwa sababu ya msongamano. Vyeti vyote vina muhuri. Mbuzi amekula cha Hillary, kwa hiyo Hillary hana madai.

Ufilisi wa Thrapley uko mikononi mwa bwana yule yule wa London! Nimemwandikia, amejibu kabla ya adhuhuri. Anauliza kwa adabu kama cheti changu cha afya bado hakijaisha muda.

Bado kimebakiza miezi minne. Nimekituma.