Tuta la Kandambili

Kwa heshima na taadhima, Ofisi inautangazia umma kwamba tuta limepatikana. Limegharimu miezi saba, vikao ishirini na sita, na afya yangu mimi, Katibu wa Kamati ya Tuta.

Ninaposema tuta, tuelewane. Ofisi ilipanga kupitisha reli katikati ya mtaa, na ili wananchi waone raha inayowajia, ikaagiza treni ya mfano ya kukimbia juu ya meza ukumbini. Sasa, reli ndogo ikipigiliwa kwenye mbao tupu, treni hunguruma kama mashine ya kusaga. Kwa hiyo chini yake hutandikwa utepe wa kitu laini, uinyanyue reli na kumeza kelele. Hilo ndilo tuta.

Fundi seremala aliyetengeneza meza alisema tukate kandambili kuukuu, kazi ya mchana mmoja. Wazo lilikuwa rahisi mno, tukaliundia kamati.

Kikao cha kwanza, mjumbe kutoka Kilimo aliuliza tutapanda viazi vya aina gani. Cha pili, mjumbe wa Barabara alitaka tuta liondolewe kabisa, kwani matuta hupunguza mwendo. Tukajaribu sponji ya godoro. Reli ikabonyea, treni ikapiga mbizi. Tukajaribu kadibodi, ikalowa gundi ikawa uji. Mwishowe tukapitisha, kwa kauli moja, Utepe wa Mpira Uliozoea Kukanyagwa. Yaani kandambili za fundi. Nikatunga na kanuni, ambayo mpaka leo naionea fahari: chochote kitakachopiga kelele ukumbini ama kitandikiwe tuta, ama kiondolewe. Bosi Mkuu akaitia saini bila kuisoma, kama kawaida yake.

Fundi alichora mstari wa kati kwa penseli. Palipokuwa pamenyooka akabandika utepe mzima. Penye kona akaupasua katikati kwa urefu, kila nusu ikapinda kwa nafasi yake. Kingo akazisugua kwa msasa. Nyumba ya mama yake ilikuwa imepigwa alama nyekundu ya X, ivunjwe kupisha reli, na kwenye meza ile tuta lilipita juu ya jiko lake. Nikamuuliza kama ana kinyongo.

"Treni ikija kweli, sina neno," alisema. "Mama hajawahi kupanda treni."

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Mama yake fundi alikaa safu ya pili, mgongoni kwa Bosi. Bosi alikuwa ameiona treni mara moja tu, ilipojaribiwa juu ya mbao tupu, na tangu hapo alijua kwamba ikishaondoka hakuna atakayesikia neno. Akabonyeza swichi. Treni ikaondoka. Bosi akamwinamia Naibu wake, akamwambia kwa sauti ya kushindana na mashine ya kusaga:

"Reli gani? Treni ni hii hii ya mezani. Hawa wakishahama, pale naweka kituo changu cha mafuta."

Treni ikakata kona bila hata kukohoa. Ukumbi mzima ukamgeukia Bosi. Nakiri kwamba kwanza nilifurahia tuta. Aibu ilinifikia treni ikiwa kona ya pili.

Mama yake fundi akasimama taratibu, akamtafuta mwanawe kwa macho.

"Mwanangu, umelitandika vizuri," alisema. "Nimesikia kila kitu."

Watu wakabeba rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka vilima vya mfano mezani, wakaenda mtaani kuzifuta zile X, nyumba kwa nyumba. Mimi nilishika ndoo.

Kesho yake Bosi akaamuru Kamati ichunguze, bila kumwonea mtu haya, ni nini kilichovuruga uzinduzi wake, na taarifa ipelekwe moja kwa moja kwa wakubwa wa juu. Tumechunguza. Treni haikutoa sauti yoyote. Kelele iliyosikika ilitoka kiti cha mbele, katikati. Kanuni ipo, na saini yake ipo.

Kuhusu kumtandikia tuta, nimemuuliza fundi. Anasema kandambili zimekwisha.