Paa la Biro ya Vijiji Endelevu

Kwa furaha isiyo na kifani, Biro ya Vijiji Endelevu, ofisi ya serikali iliyoko mtaa wa Kasuku mjini Kindu, ilitangaza kwamba vijiji vyote vya eneo la msitu linalolindwa sasa vitapangwa kitaalamu. Kifungu cha kwanza: kijiji kinachofanyiwa tathmini kisiguswe. Hata jani.

Mkuu wa biro, Bwana Gédéon, alikiandika kifungu hicho mwenyewe na alikipenda kama mtoto wake wa kwanza. Ndiyo maana hakumwelewa kabisa Mama Albertine, mkunga, aliyekaa siku tatu nyuma ya pikipiki kutoka upande wa Obokote akija kuomba ruhusa ya kukata majani ya kuezekea nyumba ya kuzalia.

"Mukubwa, ni majani ya paa tu. Maternité inavuja. Wanamuke wanazaa mu mvua, na mwezi huu niko na saba wanaongojea."

"Mama, kijiji yenu iko mu tathmini. Ilibadilika mara ngapi?"

"Mara moja. Wakati ya vita, walipoichoma."

Gédéon alitikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu, akaandika: mabadiliko makubwa bila kibali. Zikakatwa alama thelathini.

Ili mama asidhani anaonewa, alichukua karatasi ya pili akaijaza kwa kupima biro yake mwenyewe. Mahali: Kasuku. Wakazi: wanne, naye akiwemo. Umeme: haujatumika tangu vita. Samani: meza moja; walioiba nyingine hawakuzirudisha na serikali haikununua mpya, hivyo hakuna mti uliokatwa. Magari: moja, limeota nyasi. Wanyama wa porini: popo, darini, wanaongezeka. Vifaa uani: mabati. Juu kabisa aliandika MFANO kwa wino, akaziacha karatasi mezani, mahali pake pa kawaida, yaani chini ya tundu la paa.

Tundu hilo lilimuudhi, lakini halikuwa na siku nyingi. Mabati mapya yalikuwa tayari uani.

Mchana mvua ilinyesha. Matone yalipiga palepale, juu kabisa, na neno MFANO likaondoka bila kuaga. Karatasi zilipokauka, Gédéon alizigonga muhuri bila kuzisoma, kama utaratibu unavyotaka, akazituma Kinshasa.

Jibu lilifika baada ya wiki mbili, haraka ambayo ingemtia wasiwasi mtumishi yeyote mzoefu. Kijiji cha Mama Albertine kimeshindwa. Kinaondolewa katika mpango, watu wake wajenge wapendavyo. Kijiji cha Kasuku, chenye wakazi wanne, kimepata alama tisini na sita. Kuanzia leo kinalindwa. Wakazi wasihame. Popo wasisumbuliwe. Mabati yaliyoko uani ni tishio kwa mandhari, yapelekwe haraka kwa kijiji kilichoshindwa. Chini kilinukuliwa kifungu cha kwanza, pamoja na jina la mwandishi wake.

Mama Albertine alikuja na lori kuchukua mabati. Alimkuta Gédéon amekaa na ndoo mapajani.

"Wale saba walizaa?" aliuliza Gédéon.

"Wawili. Mu mvua. Mutoto wa kwanza alikohoa siku ine."

Gédéon aliona haya, na haya yenyewe ilimshangaza. Tone likaanguka ndooni.

"Mama," alisema chinichini, "kule kwenu majani iko mingi. Utanitumia kidogo, nizibe hii tundu?"

Mama Albertine aliinua macho, akalichunguza paa kwa huzuni ya kitaalamu.

"Hii paa ilibadilika mara ngapi?"

"Hata mara moja."

"Basi usiiguse, mukubwa," alisema, akipanda lori. "Hata jani."