Bastola ya Baba na Jeli ya Kanisani

Jumatatu, 6 Oktoba

Sijawahi kudhalilishwa hivi! Dukani kwa Mchungaji Orville (siku za kazi anauza bunduki, Jumapili anahubiri), mbele ya wanaume wote, shemeji yangu Verlin kaitazama bastola ya marehemu baba yangu akasema inafaa kuwekea karatasi zisipeperuke. Arobaini na tano, karibu nusu inchi kwa upana! Risasi nene kama kidole gumba! Eti siku hizi risasi ya bastola yake ya milimita tisa inachanua mwilini vizuri zaidi na inamzuia mvunja nyumba vilevile, tena bila kumtegua mtu bega. Wakacheka. Hata Mchungaji alicheka! Nimemwambia Verlin tutapimana Jumamosi, shambani kwangu, kwenye jelatini iliyoganda mfano wa nyama ya mtu, kama wanavyofanya wataalamu.

Mke wangu Lurleen kanisikiliza, kisha kaniambia bila kupaza sauti: nikiharibu kitu chake kimoja tu tena, bastola ya Baba inahamia kwenye sefu ya kaka yake, huyohuyo Verlin, moja kwa moja. Bado ana kinyongo kuhusu mashine ya kufulia. Nimeapa. Kitu gani kitaharibika?

Jumanne, 7 Oktoba

Jelatini halisi ya kupimia risasi bei yake ni wizi mtupu. Nimenunua ya kupikia, mjini, nikamaliza rafu nzima. Isiyo na rangi haikutosha, nikajazia ya ndimu. Imetoka kijani. Haidhuru. Mwenye duka kauliza kama tuna harusi.

Sasa siri yangu. Nimepika aina mbili: laini kwa risasi ya Baba, izame mpaka ndani kabisa, na ngumu kama soli ya kiatu kwa ya Verlin, ikwame, aibu impate. Akili hizi sikufundishwa na mtu! Nimezimimina kwenye ndoo za aiskrimu. Nyumba hii haijawahi kutupa ndoo ya aiskrimu: maharage humo, vifungo humo, misumari humo. Ndoo yangu rafu ya juu ya friji, ya Verlin rafu ya chini. Rahisi kukumbuka.

Ijumaa, 10 Oktoba

Lurleen kashinda jikoni. Jumapili kuna chakula cha pamoja kanisani, na lazima apeleke saladi ya jeli ya marehemu mama yake: jeli ya ndimu, karoti za kukwaruza, karanga, krimu. Watu wanaisubiri mwaka mzima. Nimeomba nilambe mwiko, kanifukuza. Kalalamika kwamba friji imejaa takataka zangu, imebidi asogezesogeze vitu. Sikumjali. Nilikuwa nakata suruali yangu kuukuu ya jinzi nipate vipande vya kufunika ndoo, maana mwizi hatakuja uchi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Niandike upesi.

Verlin kapiga kwanza. Tukafungua kifuniko: risasi imetulia katikati, imechanua kama ua. Nikaanza kucheka, nikamwonyesha Mchungaji Orville, ambaye ndiye mwamuzi, jinsi ilivyokwama. Mchungaji kaniuliza kama nina homa. Eti ndivyo inavyotakiwa! Isimame ndani ya mwizi, isitokee upande wa pili ikampata jirani. Ugumu niliopika mwenyewe umempa Verlin ushindi!

Zamu yangu. Bastola ya Baba ikanguruma, ndoo ikapasuka, tukalowa wote watatu. Verlin kajifuta shavu, kalamba kidole, kalamba tena. Kisha kauliza kwa upole mno: Delbert, hii jelatini ya wataalamu huwa na karoti?

Mungu wangu! Nimeipiga risasi saladi ya Lurleen! Kumbe naye kaigandisha kwenye ndoo ya aiskrimu, rafu ya juu!

Mchungaji alishakwenda bombani kunawa, hakusikia. Verlin kaapa hatasema. Alikuwa anacheka mpaka machozi, hata angetaka kusema asingeweza. Lurleen alikuwa saluni. Nikakimbia nyumbani, nikaikuta ndoo yangu laini nyuma kabisa ndani ya friji, nikaiyeyusha, nusu ikamwagika sakafuni. Nikajazia ile ngumu ya Verlin. Karoti, karanga, krimu. Gari la Lurleen likaingia uani nikiwa bado nakoroga! Nimemimina, nimefunika, nimerudisha mahali pake. Hawezi kujua.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimerudi kutoka kwenye chakula cha kanisani.

Kwanza kisu kilikataa. Lurleen kakandamiza, kashangaa, kailaumu friji. Mchungaji, kwa heshima ya marehemu mama mkwe wangu, kajipakulia kipande kikubwa. Kauma. Mlio wa jino na chuma niliusikia kutoka mwisho wa meza! Akatoa kitu mdomoni, akakiweka kwenye sahani. Ua la shaba. Risasi ya Verlin. Nilisahau kuitoa!

Nilingoja laana. Badala yake Dada Opal, yule bibi mpiga kinanda, kavaa miwani, kainama, kasema: “Hii ni milimita tisa, Mchungaji. Bwana asifiwe, imechanua hiyo! Ya nani?” Verlin kanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Basi meza nzima ikawaka! Mabibi wakafungua mikoba kuonyesha bastola wanazobeba wao. Risasi ikapitishwa mkono kwa mkono juu ya viazi na kuku wa kukaanga. Hakuna aliyeuliza imefikaje kwenye jeli.

Isipokuwa mmoja. Lurleen hakufoka wala hakulia. Alisema anapoipika ile saladi ndipo anapomsikia mama yake jikoni, kisha akaniuliza ya kweli iko wapi. Nikamwambia iko shambani, kwenye nyasi. Akafunga mkoba wake, akamwita kaka yake.

Jumatatu, 13 Oktoba

Verlin kaja kuchukua bastola ya Baba. Kaizungushia taulo safi, kwa adabu, hata kumchukia vizuri nimeshindwa. Msumari wa bastola ukutani umebaki mtupu. Inauma, sifichi. Lurleen akitaka kuniambia kitu anamwambia mbwa.

Nimefikiri mchana kutwa: kosa liko wapi? Si kwangu. Kosa ni la jelatini! Jelatini si nyama. Na mwezi ujao ni Sikukuu ya Shukrani, na kwenye friza ya gereji Lurleen ameshaweka bata mzinga wake wa siku hiyo, mnene, kifua kipana kama cha mwizi. Dada Opal kakubali kuniazima arobaini na tano yake, mradi naye aje kutazama. Bata atapigwa risasi moja tu. Tundu nitaliziba kwa mkate.

Nani atajua?