Mwavuli wa Siku ya Mafuriko

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimekuwa mwanasayansi. Mpangaji wetu wa chumba cha uani, dada anayesomea ubongo chuoni, kaleta viatu nimshonee. Nikamchimba kwa maswali. Kasema kumbukumbu hukaa kwenye viungio vya chembe za ubongo. Kiungio kikitumika sana, chembe huongeza vipokezi vya kunasa ujumbe, nacho hukaza. Ukilikumbuka jambo, kiungio hulegea kidogo, kisha protini mpya hukifunga upya. Kinachopenya hapo katikati huweza kubaki humo. Kwani hiyo si soli? Unabandua, unapaka gundi mpya! Akaonya kwamba mengi yameonekana kwa panya tu. Nikamjibu kwamba mama yangu anawashinda akili panya wote wa chuo.

Jumanne, 5 Machi
Mama anasahau mengi sasa, ila hadithi moja haijamponyoka. Mafuriko, mguu umevunjika, marehemu baba kambeba mgongoni hadi zahanati, kaka kashika mwavuli. Kaka! Maisha yake yote anatembea kifua mbele kwa ajili ya mwavuli. Mimi natajwa mwishoni, kwamba nililia nibebwe pia. Basi. Nimemlisha mama mayai mawili (protini), nikamwomba asimulie. Alipofika penye mwavuli, nikajichomeka mimi badala ya kaka.

Jumatano, 6 Machi
Mayai matatu. Mwavuli ni wangu! Mpangaji atajifunza kwangu. Tamaa ikanipanda. Nikaongeza kwamba nilimtegemeza mama kwa bega, nikamwonyesha na njia. Nilikuwa na miaka sita, lakini mwenye nguvu zake.

Alhamisi, 7 Machi
Mama kasimulia mwenyewe, mbele ya kaka. Kwamba alijikongoja akiegemea bega langu. Kaka kanikazia macho. Nikauliza, na baba je?
"Baba yako alikuwa kazini, mwanangu."
Siku zote humalizia kwa kutabasamu, akisema mgongo wa baba ulinukia maranda ya mbao. Leo hakutabasamu. Ndicho alichobaki nacho cha baba, nami nimekibandua.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekwenda kwa seremala, nikaomba maranda ya kujaza kiganja. Mayai mama kayakataa, kasema yamemchosha. Kaka kakaa kulia kwake, mimi kushoto. Nikamwekea maranda mkononi. Kanusa. Kanusa tena.
"Huyu ndiye aliyenibeba," kasema.
Baba karudi, na mgongo wake, na mvua yote. Nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Kaka kanipa leso.
"Hata siku ile ulilia hivi hivi, bwana mdogo."
Mama kacheka mpaka kashika mbavu. Mwavuli nao umerudi kwa mwenyewe.

Jumamosi, 9 Machi
Baba simgusi tena, naapa. Lakini mwavuli ni kitu kidogo tu, hauna mgongo wala harufu. Nani atajua?
Nimenunua mayai trei nzima.